Tangi, Kifaru na Udongo Mkavu

Waingereza wana neno moja, tank, kwa vitu viwili ambavyo sisi tumevipa majina mawili yasiyofanana hata kidogo. Chombo cha kuhifadhia maji au mafuta tunakiita tangi. Gari la vita lenye minyororo na mzinga tunaliita kifaru, kwa sababu aliyeliona mara ya kwanza hakuona chombo, aliona mnyama. Nimeishi na maneno haya mawili kwa mwaka mzima wa shahada ya uzamili, kwa kuwa tasnifu yangu inahusu vitu vya vita baada ya vita: vilikwenda wapi, nani alivipata, na alivifanya nini. Katika kusoma nimekutana na visa viwili vya mwaka mmoja, 1947. Kimoja ni cha tangi lililogeuzwa gari la mbio huko California. Kingine ni cha kifaru kilichogeuzwa trekta ili kilime Tanganyika. Watu huvisimulia mbalimbali, cha kwanza kwa mapenzi na cha pili kwa kejeli. Mimi naona ni kisa kimoja, na nitaanza na kile cha mbali.

Tangi lenyewe kwanza. Ndege za kivita za Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilikuwa na tatizo ambalo kila dereva wa basi la mkoani analijua: safari ni ndefu kuliko mafuta. Jibu lilikuwa kuning'iniza matangi ya ziada chini ya mbawa au chini ya tumbo la ndege. Rubani angetumia mafuta ya matangi hayo kwanza, na akikaribia adui angevuta kishikio, matangi yangeanguka, naye angeingia vitani akiwa mwepesi. Kwa hiyo tangi hili liliundwa kwa masharti mawili yanayogombana. Lilipaswa kuwa rahisi, kwa sababu lilitengenezwa ili litupwe. Na lilipaswa kuwa na umbo zuri sana, kwa sababu lilibebwa nje, kwenye upepo wa kasi ya maili 300 kwa saa na zaidi. Huko Uingereza urahisi ulifika mpaka kwenye karatasi. Matangi ya galoni 108 yalitengenezwa kwa karatasi iliyogandamizwa na kupakwa gundi, yakihifadhi mafuta kwa saa chache tu kabla ya kuanza kulegea. Yale ya chuma na alumini yalikandamizwa nusu mbili, ya juu na ya chini, kisha zikaunganishwa katikati kama maganda mawili ya korosho. Mbele lilikuwa butu kidogo, tumbo limejaa, nyuma limechongoka. Ukimwonyesha mvuvi wa Kilwa atakwambia hilo ni umbo la samaki aendaye kasi.

Tangi kubwa zaidi katika kisa hiki ni la ndege ya Lockheed P-38, ndege yenye injini mbili na mikia miwili. Lilibeba zaidi ya galoni 300 za Marekani, yaani zaidi ya lita 1,100. Tarehe 18 Aprili 1943 ndege 18 za aina hiyo zilipangiwa kuruka kutoka Guadalcanal, katika Visiwa vya Solomon, kwenda kumvizia Amiri Isoroku Yamamoto, Mjapani aliyepanga shambulio la Pearl Harbor, angani juu ya Bougainville. Safari ya kwenda na kurudi ilikuwa kama maili 1,000, chini chini juu ya bahari ili wasionekane. Bila matangi makubwa isingewezekana, na ilibidi yaletwe kwa ndege kutoka New Guinea. Ndege moja ilipasuka tairi ikiondoka. Nyingine matangi yake yalikataa kutoa mafuta, ikarudi. Zikaendelea 16. Walipomwona adui na kuvuta vishikio, rubani mmoja matangi yake yaligoma kuanguka, akalazimika kuhangaika nayo huku wenzake wameshaingia vitani. Yamamoto aliuawa siku hiyo. Naitaja habari hii kwa sababu magari nitakayoyaeleza mara nyingi hupigwa picha yaking'aa kwa rangi nyekundu na nyeupe, na ni rahisi kusahau kuwa umbo lile lilichorwa ili kumfikisha mtu mahali pa kumuua mwingine.

Sasa turudi nyuma, California. Kaskazini mashariki ya Los Angeles, ng'ambo ya milima, kuna jangwa la Mojave, na ndani yake mabonde ambayo zamani yalikuwa maziwa. Maji ya mvua huteremka humo, hutuama, hukauka, na kuacha udongo wa mfinyanzi ulio bapa kama sakafu na mgumu kama kigae. Vijana wa Los Angeles waligundua tangu miaka ya 1920 kwamba hapo, hasa kwenye bonde la Muroc, mtu anaweza kukanyaga mafuta mpaka mwisho bila kukutana na kona, mti wala polisi. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana na kuunda Southern California Timing Association, SCTA, ili kupanga zamu, kupima muda kwa vyombo vya kuaminika na kupunguza vifo. Mashindano yao hayakuwa ya kukimbizana. Gari lilikwenda peke yake, likashindana na saa. Magari yenyewe yalikuwa Ford za zamani zilizovuliwa mabawa, vioo na kila kisichosaidia kwenda mbele, na moyo wake ukawa injini ya Ford ya silinda nane iliyotoka mwaka 1932, ya bei ambayo kijana mwenye kazi ya kawaida aliweza kuifikia.

Vita vilipoingia Marekani, mbio zilisimama. Vijana walichukuliwa jeshini, petroli na matairi vikaanza kugawiwa kwa kadi, na Muroc ikawa ya jeshi la anga moja kwa moja. Lakini jambo moja liliwaweka pamoja. Veda Orr, mwanamke aliyekuwa ameendesha gari kwenye maziwa makavu wakati ambapo wanawake hawakutakiwa hata kusogea, alishika uhariri wa jarida la SCTA na kulituma kwa askari waliokuwa ng'ambo. Habari za nani yuko wapi, nani amefariki, nani ana injini gani imefunikwa turubai inamsubiri. Katika tasnifu za historia ya teknolojia tunapenda kuandika juu ya vyuma. Kwangu mimi jarida lile ni sehemu ya mtambo. Lisingekuwapo, huenda askari aliyeona tangi asingeona gari.

Askari huyo ni Bill Burke, mkimbiza magari wa maziwa makavu kabla ya vita. Kama inavyosimuliwa, akiwa katika utumishi wake Pasifiki ya Kusini, hapo hapo Guadalcanal, aliona shehena ya matangi ya ndege ikiteremshwa, akayaangalia yale maumbo, akawaza. Maelfu walikuwa wameyaona matangi yale. Wapakiaji waliyabeba, mafundi waliyajaza, marubani waliyatupa. Burke aliyaona kwa jicho la mtu aliyekuwa na swali tayari kichwani.

Swali lenyewe ni hili, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Gari likienda kasi, adui yake mkubwa ni hewa. Ukizidisha kasi mara 2, ukinzani wa hewa unaongezeka mara 4, na nguvu ya injini inayohitajika kuushinda inaongezeka mara 8. Yaani kama umbo fulani linadai nguvu farasi 100 kufika maili 100 kwa saa, umbo lile lile litadai 800 kufika maili 200. Ford ya silinda nane ya mwaka 1946 ilitoka kiwandani na nguvu farasi 100. Fundi hodari angeiongeza: kabureta zaidi, vifuniko vya silinda vya kubana zaidi, kemshafti iliyosagwa upya. Lakini mara 8 ni ndoto. Njia iliyobaki kwa mtu asiye na fedha ni kupunguza kile ambacho hewa inagonga: upana wa uso wa gari na ubaya wa umbo lake. Na umbo zuri ndilo lililokuwa ghali. Kulichora kunahitaji wahandisi na mashine za kupimia upepo, na kulifua kwa mkono kunahitaji fundi bati bingwa na miezi ya kazi. Tangi lilikuwa limekwisha lipiwa yote hayo.

Mwaka 1946 Burke alinunua tangi dogo, la kama galoni 165, kutoka kwa wauza mabaki ya vita. Lilikuwa dogo kweli. Injini ilikaa mbele na dereva nyuma, kiwiliwili chake kikiwa nje kwenye upepo kama mtu aliyepanda ngamia. Hata hivyo lilipita kipimo kwa zaidi ya maili 131 kwa saa, karibu kilomita 212. Mwaka uliofuata alichukua tangi kubwa la P-38, lile la zaidi ya galoni 300; simulizi inayorudiwa zaidi inataja bei ya dola 35. Safari hii alipindua mpangilio. Dereva alikaa mbele, injini nyuma yake, na vyote viwili vikamezwa na tangi. Kilichobaki nje ni kichwa, magurudumu manne na mabomba ya ekzosi. Mpangilio huo ndio ulioigwa na karibu wote waliofuata.

Nimesoma maelezo mengi ya namna magari haya yalivyojengwa, na kinachonivutia ni jinsi kila hatua ilivyokuwa jibu la kutokuwa na kitu. Unatenganisha nusu mbili za tangi. Ya chini inakuwa sakafu, ya juu inakuwa kifuniko kinachofunguka, ili mafundi waifikie injini. Ndani unalaza reli mbili za chuma, mara nyingi kutoka kwenye fremu ya Ford ya zamani, zikiwa zimebanwa karibu karibu ili zitoshe ndani ya tumbo la tangi. Unatoboa pembeni kupitisha ekseli. Difu ya nyuma unaifunga moja kwa moja kwenye fremu bila springi, kwa kuwa ziwa ni bapa na springi ni uzito. Rejeta unaiacha kabisa: mbio zenyewe ni za dakika chache, kwa hiyo galoni kadhaa za maji kwenye kijitangi zinatosha kuipoza injini mpaka mwisho wa njia. Tangi la mafuta ni la ukubwa wa debe. Breki ni za nyuma tu, maana ziwa lina nafasi ya kutosha ya kusimamia. Mkanda wa kumfunga dereva unatoka kwenye ndege chakavu, na vipimo vya shinikizo la mafuta pia. Kiti ni bati. Kisha dereva anateremka kwa miguu, anajipenyeza, na kuketi pale pale ambapo petroli ilikuwa inakaa.

Kwa hiyo urahisi huu ulikuwa na bei, nayo ilikuwa mwili wa dereva. Bati la tangi lilitengenezwa litupwe baharini, si kumlinda mtu. Katika magari ya mwanzo, bomba la kukinga kichwa gari likipinduka lilikuwa jembamba au halikuwapo kabisa. Mbele ya miguu ya dereva palikuwa na ekseli, na mbele ya ekseli palikuwa na jangwa. Kanuni za usalama ziliongezeka mwaka hadi mwaka, na ukisoma kitabu cha kanuni za mashindano hayo leo unaona kila kifungu kimeandikwa baada ya jambo fulani kutokea.

Mwaka ule wa 1947 ulikuwa na mambo. Tarehe 16 Septemba, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, Mwingereza John Cobb aliweka rekodi ya dunia ya kasi ya nchi kavu: wastani wa maili 394 kwa saa, karibu kilomita 634. Gari lake lilichorwa na mhandisi Reid Railton, likabeba injini mbili za ndege za Napier Lion, na mwili wake wa alumini ulinyanyuliwa mzima mzima kumpisha dereva. Lilikuwa gari la tajiri aliyefadhiliwa na kampuni ya mafuta. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 Oktoba, juu ya Muroc, kwenye anga la ziwa lile lile ambalo vijana walikuwa wamefukuzwa, Chuck Yeager alivunja mwiko wa sauti akiwa ndani ya Bell X-1. Na kwenye El Mirage, ziwa kavu dogo zaidi na lenye vumbi zaidi ambako vijana walihamia, tangi la dola 35 lilikuwa linapita mbele ya saa. Vitu hivi vitatu vilitoka kwenye mfuko mmoja wa maarifa, elimu ya hewa iliyolipiwa na vita. Tofauti ilikuwa nani amepata kipande gani cha mfuko.

Aliyeliboresha wazo la Burke na kulifanya lipendeze ni Alex Xydias. Alikuwa amehudumu jeshi la anga, na Machi 1946, akitoka tu jeshini, akafungua duka la vipuri vya mbio, So-Cal Speed Shop, mjini Burbank. Burbank ndiko Lockheed walikojenga P-38. Mwaka 1951 Xydias na wenzake walijenga gari kwa tangi la ndege hiyo, wakalipaka rangi nyekundu na nyeupe, na kuliundia mbinu ambayo ningeiita ya mpishi wa hotelini: mwili mmoja, injini kadhaa za ukubwa tofauti. Injini moja inatoka, nyingine inaingia, na gari lile lile linashindania rekodi katika makundi tofauti kwa gharama ya mwili mmoja. SCTA ilikuwa imeanza mashindano ya kila mwaka kule Bonneville tangu 1949, na huko mwaka 1952 gari hilo lilifika maili 198 kwa saa, kama kilomita 319, kwa injini ya Mercury yenye asili ile ile ya Ford ya silinda nane. Zirudie hesabu zile za mara 4 na mara 8, uone ni kazi gani umbo lilifanya.

Nilipopeleka sura hii kwa msimamizi wangu, aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akaniuliza: "Sawa binti yangu. Lakini kwa nini sisi, huku, tuumie kichwa na matangi ya Wamarekani?" Hakuuliza kwa ubaya. Katika idara nyingi za historia kuna mpaka usioandikwa: mwanafunzi wa Ulaya anaweza kuandika juu ya Unyanyembe na hakuna atakayeshangaa, ila mwanafunzi wa hapa akiandika juu ya California anaombwa aonyeshe kibali. Nilimjibu, "Shikamoo Profesa, nitarudi na kifaru." Akacheka. Lakini nilikuwa nimemaanisha.

Kifaru kiko Kongwa. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Frank Samuel wa United Africa Company aliipelekea serikali wazo la kulima karanga kwa mashine katika Afrika Mashariki, tume ya watu watatu ikiongozwa na John Wakefield ikazunguka kukagua, na mpango ukazaliwa: zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika, zifyekwe na zilimwe ndani ya miaka michache. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea zikafuata. Tatizo la kwanza lilikuwa matrekta. Dunia nzima ilikuwa inayatafuta. Wakakimbilia pale pale alipokimbilia Burke, kwenye mabaki ya vita. Wakanunua mashine zilizoachwa na majeshi mpaka Ufilipino, nyingi zikafika zimechoka. Na kampuni ya Vickers-Armstrongs ikachukua vifaru vya Sherman, ikavivua mizinga na ngozi zao za chuma, ikavigeuza kuwa matrekta yaliyopewa jina Shervick, nusu Sherman, nusu Vickers.

Kwenye karatasi wazo hili ni zuri kuliko la Burke. Nani asingependa kuona kifaru kikifyeka pori ili watu wapate chakula? Lakini kifaru kilikuwa kimeundwa kupita, si kuvuta kutwa nzima. Na ardhi ya Kongwa ilikuwa na neno lake. Udongo wa kule una mfinyanzi. Kiangazi kikiingia unakauka na kuwa kama saruji, majembe ya chuma yanalika, na karanga zilizokomaa zinabaki zimefungiwa ardhini kama zimejengewa. Mizizi ya mibuyu na vichaka ilivunja vyuma. Mvua, ambazo wenyeji Wagogo wanajua fika zinavyosaliti, zilisaliti. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango kama ulivyokuwa, ikafuta hasara ya zaidi ya pauni milioni 35.

Udongo mkavu wa mfinyanzi, msomaji. El Mirage ulikuwa baraka, Kongwa ukawa laana. Kule vijana walienda kwenye udongo waliokuwa wanaujua kwa zaidi ya miaka 20, wakalichagulia tangi kazi inayofanana na kazi yake ya asili: kupasua hewa. Huku kifaru kililetwa kwenye udongo ambao walioupimia mpango waliuona kwa wiki chache, kikapewa kazi isiyofanana nacho, na wale waliokuwa wanaujua udongo hawakuulizwa. Hatuwezi kusema Wamarekani walikuwa werevu na Waingereza wajinga. Kilichotofautiana ni mahali maarifa yalipokaa kabla chuma hakijafika.

Lakini nisimalizie hapo, kwa sababu mfano huu ukiuachia unakuwa hadithi tamu ya wanyonge na chuma chakavu, na historia si tamu kiasi hicho. Neno rahisi, katika sentensi "gari la bei rahisi", linahitaji kukaguliwa. Dola 35 hazikuwa bei ya tangi. Zilikuwa bei ya kuliokota. Bei yenyewe ililipwa na walipa kodi wa Marekani, na mabwawa ya umeme yaliyoyeyusha alumini, na wafanyakazi wa viwanda, wengi wao wanawake, waliorudishwa nyumbani vita vilipokwisha. Serikali ya Marekani iliunda mwaka 1946 ofisi nzima, War Assets Administration, ya kuuza mali ya vita iliyozidi. Kijana wa Burbank alisimama chini ya mti ambao nchi yake ilikuwa imeutikisa.

Wakati huo huo Watanganyika nao walikuwa wamelipia vita. Wakati wa vita maelfu walichukuliwa kwa nguvu kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya mpira. Wengine walikwenda na King's African Rifles mpaka Burma, na baadhi yao walijifunza huko udereva na ufundi wa magari. Walirudi na maarifa mikononi kama Burke alivyorudi na wazo kichwani. Kilichokosekana si akili wala hamu. Hapakuwa na ua wa mabaki ya vita ambamo kijana wa Dodoma angeingia na mshahara wa wiki moja akatoka na mwili wa ndege. Mabaki yalipofika kwake yalifika kama mali ya mpango wa serikali, naye akawekwa juu yake kama dereva wa kuamriwa.

Kilichowafikia watu bila kupitia kwa bwana shamba ni kile kidogo zaidi: debe. Bati la mafuta ya taa na petroli, la galoni 4, lilianza kuingia kwenye majumba yetu kabla ya vita na likaongezeka baadaye. Wakoloni walileta mafuta, bati likabaki. Bibi yangu alipimia mahindi kwa debe, alitekea maji kwa debe, na bei ya soko mpaka leo inatajwa kwa debe hata pale ambapo debe lenyewe halipo, liko ndoo ya plastiki. Mafundi bati walilikata likawa koroboi, likawa jiko, likawa mlango wa banda la kuku. Ukipita Gerezani, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, utaona mapipa ya mafuta yakipasuliwa kwa patasi na nyundo na kunyooshwa, nusu mbili, kama tangi la P-38. Hakuna anayeita kazi hiyo historia ya teknolojia. Anayeifanya anaulizwa leseni.

Hii ndiyo sababu nilirudi kwa msimamizi na sura zote mbili zikiwa zimeshonwa pamoja. Ukiandika juu ya tangi peke yake, unapata kisa cha vijana wabunifu. Ukiandika juu ya kifaru peke yake, unapata kichekesho cha wakoloni wajinga. Ukiviweka pamoja, swali linabadilika. Unaacha kuuliza nani alikuwa mbunifu, kwa sababu wabunifu wapo kila mahali penye nyundo. Unauliza: vita vilipokwisha, nani aliruhusiwa kuokota?

Magari ya matangi bado yanakimbia. SCTA ina kundi maalumu kwa magari yenye mwili mwembamba na magurudumu ya nje, linaitwa Lakester, na kila mwaka, El Mirage na Bonneville, mtu fulani anateremsha tangi la umri wa miaka 80 kutoka kwenye trela. Mwaka 2014 na 2015 wiki ya mbio ya Bonneville ilifutwa, mara ya kwanza kwa mvua, mara ya pili kwa ubovu wa chumvi yenyewe. Matangi halisi yamekuwa adimu, na yale yaliyouzwa kama takataka sasa yanatunzwa na wakusanyaji kama vito. Wajenzi wengine wanafua mwili mpya kwa kuiga umbo la tangi, yaani wanalipa fedha nyingi kutengeneza upya kitu ambacho thamani yake ilikuwa kwamba hakikuhitaji kulipiwa.

Kongwa ina mashamba ya mifugo, na reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga kusini iling'olewa zamani. Shervick hazikimbii popote. Katika tasnifu yangu, sura inayofuata ni ya vyuma hivyo: nani alivinunua mpango ulipofungwa, vipande gani vilikatwa, na jembe gani, nyundo gani, bawaba gani ya mlango ilitoka kwenye kifaru kilichoshindwa kulima. Majibu hayako kwenye hifadhi ya nyaraka London. Yako kwa mafundi wazee, na ninaanza kuwauliza mwezi ujao.